Hesabu Isiyo na Siku ya Mwisho

Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, baada ya alasiri. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha na majedwali yaliyooneshwa ukutani tumeyaacha.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zetu, dada na kaka, na nyie vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo?

Naanza na pikipiki. Kila aliyemo humu anajua mkataba wa bodaboda unavyokwenda. Tajiri ananunua chombo, tuseme kwa milioni 3. Kijana anakichukua kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 za wiki; siku ya 7 ni yake. Wiki inatoa 60,000. Wakikubaliana wiki 60, tajiri atapokea milioni 3 na laki 6. Mtaji umerudi, na laki 6 juu yake kwa kuwa alithubutu kuutoa. Mafuta ni ya kijana, pancha ni ya kijana, na injini ikifa mapema hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa anapoitwa. Lakini wiki ya 60 ikiisha, kadi inabadilishwa jina. Chombo ni cha kijana. Sasa niulize: tajiri akija Jumatatu ya wiki ya 61 kudai hesabu, mtamwitaje?

Mmesema wenyewe. Mimi sikulitamka.

Mtaani kwetu mwenye mtaji ana haki ya kurudishiwa mtaji wake. Ana haki ya faida. Ana haki ya kulipwa kwa hatari aliyoibeba. Na haki hiyo ina siku ya mwisho. Ila duniani kuna mikataba mikubwa isiyo na wiki ya 61. Hesabu inaletwa miaka 20, inaletwa miaka 50, inaletwa kwa mjukuu ambaye pikipiki yenyewe hajawahi kuiona. Hoja yangu ya leo ni kwamba mali ya mtu mmoja inapaswa kuwa na ukomo, na kwamba kudai ukomo huo ni kudai haki. Anayeiita husuda anisikilize mpaka mwisho, halafu aseme.

Kwanza niwatoe watu hofu. Mwenye pikipiki 3, mwenye nyumba ya vyumba 6 anavyopangisha, mwenye mashua na nyavu pale Deep Sea, mwenye duka la jumla: hamuhusiki, kaeni, kahawa inakuja. Ninayemzungumzia ana dola bilioni 1 na kuendelea. Jarida la Forbes mwaka 2025 liliwahesabu watu 3,028 wa aina hiyo duniani kote, wakiwa na jumla ya dola kama trilioni 16. Watu hao wote wanaenea kwenye majukwaa ya uwanja wetu wa Mkwakwani, na nafasi inabaki.

Bilioni 1 ya dola ni kitu gani? Tuseme dola ni shilingi 2,500. Ni trilioni 2 na nusu. Anayelipwa laki 3 kwa mwezi, asile, asivae, asiugue, aweke yote, atahitaji miaka zaidi ya 690,000 kuzifikisha. Hesabu hiyo mnaweza kuirudia kwenye simu zenu sasa hivi. Lakini iliyo muhimu zaidi ni hii inayofuata. Fedha hiyo ikizaa asilimia 5 tu kwa mwaka, inaleta bilioni 125. Mwenyewe akilala saa 8, anaamka na milioni 114 alizozipata akikoroma. Akiamua kutumia milioni 100 kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo, mwaka utaisha amemaliza bilioni 36 na nusu, na bilioni 88 na nusu zimeongezeka juu ya mali aliyoanza nayo. Anakula na haiishi. Anakula na inaongezeka! Mali ya namna hiyo hailiwi, haivaliwi, haikaliwi. Basi inatumika kufanya nini? Nitalirudia swali hilo.

Watu wanasema: ameitolea jasho. Twendeni Pangani tukaliangalie jasho.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ikawa ndefu, ikafika hai miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche 62 nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Katikati ya miaka ya 1960 tulikuwa tunatoa kama tani 230,000 kwa mwaka. Nyie wa Tanga hamhitaji kusimuliwa kwamba mji huu umejengwa na mkonge.

Sasa tuhesabu mafungu, kama inavyofanywa ufukweni mashua ikirudi. Ufukweni kwanza yanatolewa mafuta na barafu, kisha kinachobaki kinagawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu, nahodha na ziada yake. Kila pwani ina desturi yake ya kugawa, lakini hakuna pwani ambayo mwenye mashua anasema mashua ilikwenda peke yake.

Kwenye mkonge fungu la kwanza ni mmea, na asili yake ni kwa watu wa Meksiko, waliousokota kamba karne nyingi kabla Hindorf hajazaliwa. Fungu la pili ni ardhi, ya Wabondei, Wazigua na Wadigo, na mnajua ilivyochukuliwa. Fungu la tatu ni reli, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka huohuo wa 1893, ikafika Moshi karibu miaka 20 baadaye, na fedha nyingi ya kuimaliza ilikuwa ya serikali. Fungu la nne ni mikono. Manamba. Waliletwa Wangoni na Wabena kutoka kusini, Waha kutoka Kigoma, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mtu alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, chenye siku 30, na mshahara ulitoka siku zote 30 zikitimia. Siku aliyougua haikuwekwa alama. Mkonge wenyewe si zao la mchezo: unasubiriwa miaka 2 hadi 3 kabla ya kukatwa jani la kwanza, miiba inachoma, na katika kilo 100 za majani yanayopita kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, unapata nyuzi kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na makapi. (Makapi hayo yalimwagwa kwa zaidi ya karne mpaka pale Hale kulipojengwa mtambo wa kuyageuza gesi ya kuzalisha umeme. Wakati mwingine tunatupa mali tukidhani ni uchafu.)

Lipo na fungu la tano, ambalo halina mwenyewe: bahati. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, kamba ikatafutwa kila mahali, bei ya katani ikaruka, na wenye mashamba wa Tanga wakatajirika kwa kasi ambayo hawajaiona tena. Nani kati yao aliyeanzisha vita vya Korea? Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakageuka vichaka. Bei ikipanda, tajiri ana akili. Bei ikishuka, soko lina matatizo. Mnaisikia hiyo? Kupanda ni kwake, kushuka ni kwa wote.

Mwenye shamba alikuwa na fungu lake, sikatai. Alithubutu, alisimamia, alikopa. Mpeni chake. Ila ukishatoa fungu la mmea, la ardhi, la reli, la manamba na la Korea, kinachobaki, kile kinachoitwa jasho lake, kina kipimo. Kompyuta na intaneti ni hivyohivyo: tafiti za awali zililipiwa kwa kodi za Wamarekani kupitia jeshi lao na vyuo vyao, miaka mingi kabla matajiri wa leo hawajafungua kampuni. Kila utajiri mkubwa ukiukuna kidogo utakuta reli ya mtu mwingine chini yake.

Narudi kwenye swali nililoliacha. Mali isiyoliwa inatumika kufanya nini? Inanunua sauti.

Hili sisi tulilijua mapema. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko, na wazee hapa wanaikumbuka kwa kichwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar miiko hiyo ikalegezwa. Unaweza kusema ilibana mno, na mimi nakubali kwamba mwalimu mwenye chumba kimoja cha kupangisha hakuwa hatari kwa taifa. Lakini aliyeiandika alikuwa ameona jambo: mwenye mali nyingi na mwenye madaraka wakikaa ndani ya mwili mmoja, hakuna wa kumwambia hapana.

Azimio lilimfunga kiongozi asitajirike. Halikumfunga tajiri anayekaa nje ya uongozi na kutaka kumweka kiongozi wake. Tazameni Marekani. Mwaka 2022 Elon Musk alinunua mtandao wa Twitter kwa dola bilioni 44. Mwaka 2024 alitoa zaidi ya dola milioni 250 katika uchaguzi wa nchi hiyo, na uchaguzi ulipokwisha akapewa kazi ya kusimamia upunguzaji wa watumishi na matumizi ya serikali. Sheria zao za uchangiaji zinaruhusu michango mikubwa ya namna hiyo. Milioni 250 zinawatisha, lakini kwake ni takribani sehemu moja ya elfu ya mali aliyokuwa nayo. Ni kama wewe mwenye milioni 1 benki utoe shilingi 1,000. Bei ya soda na andazi! Kwa bei ya soda na andazi mtu ana sauti kubwa kuliko mamilioni ya wapiga kura. Je, hiyo bado ni kura?

Wengine watasema: lakini wapo matajiri wema. Wapo. Pale Bagamoyo alikuwepo Sewa Haji, mfanyabiashara aliyekopesha na kuandaa misafara ya kwenda bara, aliyefariki mwaka 1897. Alitoa fedha za hospitali, alitoa jengo la shule Bagamoyo, na Muhimbili mpaka leo kuna jengo lenye jina lake. Mungu amlipe. Lakini kumbukeni aliyekuwa chini ya mzigo: mpagazi aliyebeba kilo kama 30 kichwani, miezi, kwenda na kurudi. Huyo mpagazi hakuulizwa kama anataka hospitali, au shule, au fungu kubwa zaidi la ujira ajijengee mwenyewe. Wema wa tajiri ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba yeye anachagua nani apone.

Sasa sehemu ngumu, na ndiyo niliyoijia. Kuweka ukomo si jambo jipya hapa. Tumelifanya, na tulilifanya vibaya.

Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mjini Tanga mnayajua yalipo, mengine mmezaliwa ndani yake. Nini kiliharibika? Nataka tukae hapa kidogo.

Kosa la kwanza, ukomo uliwekwa kwenye jengo badala ya kuwekwa kwenye mtu. Mwenye majengo 10 ya shilingi 80,000 kila moja, yaani laki 8, hakuguswa. Mjane mwenye jengo moja la laki na elfu 10 akalipoteza lote. Lote! Hakuchukuliwa ile elfu 10 iliyozidi, alichukuliwa jengo zima.

La pili ni kiwango chenyewe. Laki moja ya mwaka 1971 ilikuwa ghorofa. Laki moja ya leo haifikishi gunia la mchele. Sheria inayotaja shilingi bila kuzifunga kwenye kitu kingine inaoza yenyewe.

La tatu, fidia. Jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 10 halikulipwa kitu. Familia nyingi za Kihindi zilizokuwa zimeishi hapa vizazi viwili, vitatu, zilifunga masanduku zikaondoka, na ufundi wao na biashara zao vikaondoka nazo. Jambo lililosemwa kuwa ni la mali likawaangukia watu wa rangi moja zaidi ya wengine, na jeraha hilo halijapona vizuri.

La nne ndilo lililowafikia wapangaji. Kodi ilibaki ndogo, ikakusanywa kwa shida, na isiyokusanywa hainunui bati. Chokaa ya pwani inataka kupakwa upya kila baada ya mvua chache. Mfereji wa paa ukiziba msimu mmoja, maji yanaingia ukutani, boriti ya mkoko inaoza kuanzia kichwani, na roshani inaanza kuning'inia. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na kwa baadhi ya majengo dawa ikawa imechelewa. Kumnyang'anya mmoja na kuwapa wote bila kusema nani atapanda ngazi kuziba paa ni kumpa mchwa.

Kwa hiyo tukisema ukomo, tuseme ukomo wa namna gani. Mimi nasema uhesabiwe kwa mtu, kwa jumla ya alivyo navyo baada ya kuondoa madeni. Uchukue kile kilichozidi tu. Ufungwe kwenye mshahara, usifungwe kwenye shilingi. Tuseme mara 10,000 ya mshahara wa mwaka wa yule wa laki 3. Ni bilioni 36. Anayeona bilioni 36 ni umaskini anyooshe mkono.

Hakuna? Basi tuendelee.

Ngazi za kodi zetu zilivyo sasa zinaishia chini. Kodi ya mshahara inaanza juu ya shilingi 270,000 kwa mwezi, inapanda ngazi baada ya ngazi, na ngazi ya mwisho, asilimia 30, inaanzia milioni 1. Mwenye mshahara wa milioni 1 na laki 2 anakatwa 188,000. Shilingi yake ya mwisho inakatwa sawasawa na shilingi ya mwisho ya anayelipwa milioni 100. Anayeishi kwa gawio la hisa hukatwa asilimia 10, na kampuni ikiwa imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam ni 5. Ni kweli kampuni imeshalipa kodi yake kabla, tusidanganyane. Lakini hisa inayopanda thamani bila kuuzwa haikatwi kitu, na huko ndiko mali ya bilioni inakokaa. Kodi ya mirathi hatuna. Wakati huohuo, Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilimkuta mama lishe aliyemtumia mwanawe nauli, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, mpaka ilipopunguzwa, na baadaye ikaondolewa kwenye kutuma. Kumfikia mama lishe ilikuwa rahisi. Kitufe kimoja.

Watasema kodi kubwa inaua uchumi. Marekani, chini ya Rais Eisenhower, mtu wa chama cha Republican, kodi ya ngazi ya juu ilikuwa asilimia 91, na ikabaki hapo mpaka 1963. Uchumi haukufa. Rais Roosevelt, katikati ya vita mwaka 1942, alipendekeza kwamba asiwepo Mmarekani anayebaki na zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka baada ya kodi. Bunge lao likakataa. Na ile 91, kusema kweli, wachache waliilipa kamili, kwa sababu sheria ilikuwa na matundu mengi kama kimia.

Mwaka 2024, Brazil ilipokuwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, lilijadiliwa pendekezo la mchumi Mfaransa, Gabriel Zucman: kila mwenye mali ya zaidi ya dola bilioni 1 alipe kwa mwaka angalau asilimia 2 ya mali hiyo. Watu kama 3,000, dola bilioni 200 hadi 250 kila mwaka. Likaitwa jambo la siasa kali. Asilimia 2! Waislamu mliomo humu, mama aliyeweka dhahabu ya kufikia gramu 85, ikamkalia mwaka mzima, anatoa kiasi gani? Fungu moja katika 40. Asilimia 2 na nusu. Hana mwanasheria wa kumtafutia kisiwa cha kukwepea kodi.

Na dini zetu hazikuishia kwenye sadaka. Sura Al-Hashr, aya ya 7, imetoa sababu ya mgao: mali isiwe inazunguka baina ya matajiri tu. Anayeandika wasia hana ruhusa ya kuvuka theluthi. Wakristo, fungueni Walawi 25: mwaka wa 50 shamba linarudi kwa wenyewe, hata kama lilinunuliwa kihalali. Hata kama lilinunuliwa kihalali, nasema. Mwaka wa 50 ndio wiki ya 61.

Matundu ya sheria yanazibwaje? La kwanza ni kujua nani ana nini. BRELA, wasajili wa kampuni, tayari wana wajibu wa kutunza daftari la wamiliki wanufaika, yaani binadamu mwenye pumzi aliye nyuma ya kampuni iliyo nyuma ya kampuni. Lijazwe kweli, na watoza kodi wa TRA walisome pamoja na hati za ardhi. La pili, thamani ipimwe kila baada ya miaka michache. Asiye na fedha taslimu alipe kwa hisa, tusimlazimishe auze kiwanda. La tatu, anayetaka kuhamisha mali nje alipe kwanza kwenye forodha ya kutokea. La nne tumefundishwa na roshani za mjini hapa: kinachokusanywa kibandikwe ukutani, kila kata, kimetoka kiasi gani, kimeziba paa gani, fundi nani. Bila hilo la nne, msinihesabu upande wenu.

Wapo wanaotaka tuanze na mishahara. Uswisi walipiga kura Novemba 2013, bosi asilipwe kwa mwezi zaidi ya anachopata mfanyakazi wake wa chini kwa mwaka. Asilimia 65 walikataa. Sishangai. Mtu hupenda kujiona ni bosi wa kesho, hata huko Uswisi.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ameshanionesha saa mara mbili. Maswali yaanze kule mlangoni, kwa wale walioegesha pikipiki nje. Hesabu ya leo hawajaifikisha, na tajiri hajui kama wako hapa.